Antibiotiki kwa mgonjwa ambaye hujamgusa: ninyi mnaamuaje?

Daktari wa Jioni (Dodoma mjini)

Ndugu zangu wa kada ya afya, na wengine wote mtakaosoma, habari za kazi. Mchana ninafanya kazi katika kituo cha afya hapa Dodoma, na tangu mwaka jana, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 5 usiku, ninapokea simu za wagonjwa kupitia huduma mojawapo ya tiba mtandao. Wengi wanaopiga wako Chamwino, Bahi na Mpwapwa. Wengine wako hapa hapa mjini na wamechoka tu kukaa kwenye foleni. Huduma yenyewe ninaiamini. Mama aliyeko Mvumi, ambaye nauli ya kuja mjini na kurudi ni chakula cha nyumba nzima, ana haki ya kusikilizwa na daktari kama mtu mwingine yeyote. Kinachonisumbua ni vyeti vya dawa ninavyoviandika mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikaa chini nikapitia vyeti vyote nilivyotuma kwa simu katika wiki 4, kisha nikavilinganisha na rejesta yangu ya mchana. Kwa malalamiko yale yale, yaani koo kuuma, kikohozi, mafua na homa ya siku 2 au 3, nimekuta kwamba usiku ninaandika antibiotiki mara nyingi zaidi kuliko mchana. Tena si aina ile ile. Kituoni ninaanza na amoksilini pale inapohitajika. Kwenye simu mkono unakimbilia azithromaisini, kwa sababu dozi yake ni fupi, watu wanaijua, na mgonjwa anakata simu akiwa ameridhika.

Kuna simu moja ambayo bado ninaikumbuka. Mama wa Ihumwa alipiga saa 4 usiku, binti yake wa miaka 6 analia koo. Nilimwomba picha, akanitumia: mdomo wazi, ulimi umeinuka umeziba kila kitu, mwanga wa tochi ya simu umegonga meno, na nyuma yake giza tupu. Akasema, "Daktari, mwandikie tu azuma, mwaka jana ilimsaidia," yaani ile ile azithromaisini. Wagonjwa watatu walikuwa wanasubiri. Nikaandika. Siku ya pili akapiga tena: koo bado linauma, mtoto anaharisha, anapiga chafya, na macho yamekuwa mekundu. Nilipomuuliza kama tangu mwanzo binti alikuwa na mafua na kikohozi, akajibu kwamba vilianza kabla hata ya koo. Swali hilo sikuwa nimemuuliza ile siku ya kwanza.

Ninaomba mnisaidie. Ni malalamiko gani mnayoona yanaweza kumalizwa kwa simu, na yapi lazima mtu aonwe kwa macho? Je, mnatumia utaratibu wa kumwandikia mgonjwa dawa na kumwambia asubiri siku 2 kabla ya kuinunua? Na mnamwambiaje mtu kwamba hahitaji antibiotiki, ilhali baada ya simu ataombwa akupe nyota, na nyota hizo ndizo zinazoamua utapangiwa zamu ngapi mwezi ujao?

Daktari wa Watoto, Dodoma

Ndugu Daktari, nakushukuru kwa kufungua rejesta yako mbele yetu, kwa maana wengi wetu hatujawahi kufanya ulinganisho huo. Ulichokikuta hakiko Dodoma peke yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliohusu watoto wenye maambukizi ya njia ya hewa, ulionyesha kwamba waliohudumiwa kwa simu au video waliandikiwa antibiotiki kwa asilimia 52, ilhali waliokwenda kwa daktari wao wa kawaida waliandikiwa kwa asilimia 31. Sababu ni ile uliyoitaja bila kuitaja: mtu akikosa kuona, anajikinga kwa dawa. Mimi nadhani hapo ndipo penye kosa letu. Kutokuona ni sababu ya kuuliza zaidi au kumwita mgonjwa, na si sababu ya kuandika.

Nianze na koo, kwa kuwa ndilo lililokukosesha raha. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na mambo manne yanayotusaidia kumshuku bakteria ni haya: homa, utando au usaha kwenye mafindofindo, tezi za mbele ya shingo zinazouma zikiguswa, na kutokuwepo kwa kikohozi. Angalia kwamba mawili kati ya hayo unayapata kwa kuuliza tu. Mtoto mwenye mafua yanayotiririka, chafya, kikohozi na macho mekundu ameshakujibu kwamba huenda ni virusi, hata kabla hujaona koo. Kwa picha, mwambie mama amkalishe mtoto mlangoni asubuhi akielekea jua, kwa maana mwanga wa jua la Dodoma unashinda tochi yoyote, kisha akandamize ulimi taratibu kwa mpini wa kijiko safi huku mtoto akisema "aaa". Akitumia tochi usiku utapata meno kama ulivyoyapata.

Najua utakachoniuliza: vipi kuhusu homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo? Ni hofu ya haki katika nchi yetu, na nimewaona watoto wenye mioyo hiyo. Lakini kumbuka kwamba penisilini au amoksilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado inazuia ugonjwa huo. Una nafasi ya kumwona mtoto kesho au keshokutwa bila kumhatarisha. Na hata ukiamua ni bakteria, dawa ya kwanza ni penisilini au amoksilini, wala si azithromaisini, isipokuwa kama mtoto ana mzio wa kweli.

Kikohozi cha mtoto mdogo ndicho kinachohitaji kazi zaidi. Alama ya nimonia tunayoitegemea vijijini ni kupumua haraka: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5. Video usiiamini kwa kuhesabu, maana picha inaganda na kuruka, ukadhani umeona pumzi 30 kumbe 12 zimemezwa na mtandao. Mimi ninafanya hivi: mama ampakate mtoto akiwa ametulia, si wakati wa kunyonya wala kulia, apandishe nguo hadi kifua kionekane, kisha kila kifua kinapoinuka aseme "hapa". Saa ninaishika mimi, naye kazi yake ni kusema tu. Tunakwenda dakika nzima, na ikikaribia mpaka tunarudia. Nikimaliza ninamuuliza kama chini ya mbavu panaingia ndani mtoto anapovuta pumzi, kama ananyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama ni mlegevu kupita kawaida. Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo, hapo mazungumzo ya simu yamekwisha na kinachofuata ni kutafuta usafiri. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa mimi simtibu kwa simu kabisa, hata mama akisihi vipi.

Homa bila dalili nyingine, kwanza kipimo cha haraka cha malaria. Mkoa wetu una malaria kidogo ukilinganisha na Kigoma au Geita, lakini watu wanasafiri. Shida kubwa zaidi huku kwetu ni kile kinachofuata kipimo kikiwa hasi: "malaria hamna, basi ni taifodi," na dawa inaandikwa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto zaidi ya 1,000 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, wakapimwa kwa kina, na takriban 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Takwimu hiyo ninaiweka kichwani kila ninaposhika simu.

Mengine nitayapita haraka. Kuharisha kusiko na damu ni maji ya chumvichumvi na zinki, basi. Sikio linalouma linahitaji mtu mwenye kifaa cha kulitazama ndani. Kikohozi cha mtu mzima mwenye mafua kinaweza kuchukua hadi wiki 3 kuisha na hakihitaji antibiotiki, ila kikizidi wiki 2 mpeleke akapimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na tafadhali usimpe siprofloksasini au ndugu zake "kwa kujaribu", kwa sababu dawa za kundi hilo zinaweza kupunguza dalili za kifua kikuu kwa muda na kuchelewesha utambuzi.

Mfamasia wa Kibaigwa

Daktari wa Watoto amesema ya upande wa mgonjwa. Mimi naomba niseme ya upande wa kaunta, kwa sababu cheti chenu kinaishia kwetu.

Wiki iliyopita alikuja kijana akanionyesha simu. Kwenye kioo palikuwa na picha ya cheti: jina la dawa, vidonge, siku. Hapakuwa na jina la ugonjwa, wala umri wa mgonjwa, wala uzito, na tarehe ilikuwa ya Machi. Nilipomuuliza akasema cheti ni cha dada yake, kilimsaidia, na sasa anaumwa yeye. Nilikataa kumuuzia, akaondoka amekasirika, na sina shaka kwamba alipata dawa duka la pili. Cheti cha karatasi tunaweza kukipiga muhuri au kubaki nacho. Picha kwenye simu haizeeki na inatumwa kwa watu kumi kwa dakika moja. Kwa hiyo utaratibu wa "nakuandikia lakini usinunue mpaka keshokutwa" kwa mazingira yetu naona haufai. Nchi ambako umepimwa umepunguza matumizi sana, maana kama theluthi moja tu ya wagonjwa ndio hutumia dawa hizo, ila huko duka halitoi antibiotiki bila cheti. Hapa kwetu ukishatuma picha umeshauza dawa. Kama unataka mgonjwa asubiri, basi kinachosubiri kiwe cheti chenyewe: kikae kwako, umpigie baada ya siku 2, na ukituma kiwe na tarehe ya siku hiyo, jina kamili, umri, uzito kama ni mtoto, tatizo linalotibiwa, na namba yako ya usajili. Ukiniandikia tatizo mimi ninakuwa jicho lako la pili. Ukiniandikia "amoksilini kwa siku 5" peke yake, umeniziba macho.

Jambo la pili ni hiyo azithromaisini. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu tangu mwaka 2017: zile za kuanza nazo, zile za kutumiwa kwa uangalifu, na zile za akiba. Amoksilini, doksisaiklini na metronidazoli ziko kundi la kwanza. Azithromaisini, siprofloksasini na seftriaksoni ziko kundi la pili, kwa sababu usugu wa vimelea dhidi yake unajengeka kirahisi na zinahitajika kwa magonjwa mazito. Mwaka 2024 mataifa yalikubaliana katika Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumika kwa binadamu ziwe za kundi la kwanza. Sasa mimi ni mtu wa Kongwa, na azithromaisini kwetu ina historia. Hii wilaya imeandikwa katika vitabu vya utabibu kwa sababu ya trakoma. Bibi zetu walipofuka kope zikiwa zimegeukia ndani, na dawa iliyogawiwa vijijini kuokoa macho ya watoto ilikuwa hiyo hiyo azithromaisini. Inaniuma kuiona inatolewa kwa mafua kama peremende.

Nimalizie kwa ombi dogo: tuulizeni dawa zilizopo kabla ya kuandika. Maduka ya dawa muhimu huko vijijini yanaruhusiwa kuuza antibiotiki chache tu. Ukimwandikia mgonjwa wa Chamwino vijijini dawa isiyo kwenye orodha hiyo, ama atapewa nyingine inayofanana jina, ama atanunua nusu dozi kwa sababu pesa nyingine imekwenda kwenye bodaboda ya kumfikisha mjini.

Mama wa Area C

Mimi si mtaalamu, naomba mniruhusu niseme kama mgonjwa. Mwaka juzi nilitibiwa UTI kwa simu mara tatu ndani ya miezi 4, kila mara na daktari tofauti, na kila mara dawa ilikuwa kali kuliko ya mwanzo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina ujauzito, wala kama natokwa na uchafu ukeni. Mtaani wanaita "UTI sugu", na mimi niliamini kwamba ndivyo nilivyo, mtu mwenye ugonjwa usiosikia dawa. Mara ya nne nilikwenda hospitali, muuguzi akanipa kikopo, mkojo ukaoteshwa, na baada ya siku 3 majibu yakarudi kwamba hakuna kimelea kilichoota. Lilikuwa tatizo jingine kabisa, lililotibika kwa wiki moja bila antibiotiki.

Sisemi haya kuwalaumu madaktari wa simu, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nikipiga na kusema, "Nina UTI, niandikieni dawa." Lakini nataka Daktari wa Jioni ajue kwamba siku ile yule muuguzi aliposema "hatukupi dawa leo, tunasubiri majibu", sikukasirika. Alinieleza kwa nini, akaniandikia namba ya kupiga kama homa ingenipata usiku. Nilijisikia ninatibiwa. Kwa nyota, ningempa zote.

Daktari wa Watoto, Dodoma

Pole sana, mama, na asante. Niongeze tu kwamba mwanamke asiye mjamzito, asiye na homa wala maumivu ya ubavuni, anayeungua akikojoa na kwenda haja ndogo mara kwa mara, na asiyetokwa na uchafu ukeni, huyo anaweza kutibiwa kwa simu kwa haki kabisa. Nitrofurantoini ya siku 5 inatosha wengi. Mwanamume, mjamzito, mtoto, au mtu ambaye dalili zimerudi ndani ya wiki chache, mkojo wake lazima upimwe, na ikiwezekana uoteshwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Kuhusu mwongozo wa kufuata kwenye simu, wenzetu wa Morogoro na Mbeya wameonyesha njia. Vituo vya afya vilivyopewa programu ya kwenye kishikwambi, inayomwongoza mhudumu swali kwa swali kwa mtoto mgonjwa, viliandika antibiotiki kwa takriban asilimia 23 ya watoto, ilhali vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida viliandika kwa asilimia 70, na watoto wao hawakuwa na hali mbaya zaidi kuliko wale wengine. Hao walikuwa wanaonwa ana kwa ana, kwa hiyo hatuwezi kuhamishia matokeo yote kwenye simu, lakini inaonyesha kwamba maswali yaliyopangwa yanamsaidia hata mhudumu aliyechoka. Saa 4 usiku wewe ni mhudumu aliyechoka. Andika maswali yako 8 kwenye karatasi, yabandike ukutani, na usiandike cheti kabla hujafika la mwisho.

Daktari wa Jioni (Dodoma mjini)

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza. Nawashukuru nyote, na wewe Mama wa Area C kwa namna ya pekee.

Karatasi ipo ukutani tangu Jumatatu iliyopita. Swali la kwanza juu kabisa ni "Kuna mafua au kikohozi?" kwa kuwa ndilo nililolisahau. Vyeti sitoi tena vya kusubiri. Badala yake nimeanza daftari la simu za kurudi, kila jina lina saa ya kupigiwa, na hao ninawapigia kwa muda wangu mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda kituoni. Nimeomba wasimamizi wa huduma wazihesabu simu hizo kama kazi. Hawajajibu. Kuhusu nyota, zimeshuka kidogo kwa wiki hii, nami nimewaandikia pia kwamba mgonjwa aulizwe "Je, ulielezwa tatizo lako ni nini na urudi lini?" badala ya "Je, umeridhika?", kwa maana swali la pili linatulipa kwa kuandika dawa.

Juzi usiku yule mama wa Ihumwa alipiga tena, safari hii kwa mdogo wake yule binti, mvulana wa miaka 2, ana kikohozi na joto. Tulihesabu kama ulivyonifundisha, Daktari. "Hapa… hapa… hapa," mara 34 kwa dakika, na tuliporudia, 33. Anakunywa, hatapiki, chini ya mbavu hapaingii ndani. Mama hakuomba azuma. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo nimwangalie nini usiku huu?" Nikamweleza zile dalili moja baada ya nyingine, akazirudia kwa maneno yake, na asubuhi wakapitia zahanati kupima malaria, kipimo kikawa hasi. Saa 12 na nusu jioni yake nilipompigia, nilimsikia mtoto kwa nyuma akilia anataka simu.

Mfamasia, nina swali moja kwako. Je, nikituma cheti moja kwa moja kwenye duka ambalo mgonjwa amelichagua, badala ya kumtumia yeye picha, ninyi mngeweza kukipokea na kukifunga baada ya kutoa dawa?

Mfamasia wa Kibaigwa

Tungeweza, ndugu yangu, ilimradi unipigie ile mara ya kwanza niijue sauti yako na niihakikishe namba yako ya usajili. Mimi nitakiandika kwenye rejesta ya antibiotiki, nitakijibu "kimetolewa", na akija mtu mwingine na cheti hicho hicho nitajua. Anza na wagonjwa wako wa Kongwa, tuone kwa mwezi mmoja.